Theluji Niliyoifundisha Kabla ya Kuiona

Uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema niliusema mbele ya wasichana wa kidato cha pili, asubuhi ya Jumanne, nikiwa na chaki mkononi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya wasichana ya kutwa mjini Kisumu, umri wangu miaka ishirini na minne na kiburi changu cha mtu wa hamsini. Siku hiyo tulikuwa tunasoma mito. Nilichora Nyando ubaoni, nikaianzisha kwenye vilima vya Nandi na Tinderet, nikaiteremsha hadi uwanda wa Kano, nikaimwaga ziwani. Kisha nikafungua kitabu, ambacho kiliandikwa kwa ajili ya watoto wa nchi za baridi, nikaendelea na mito inayozaliwa na theluji.

Kwenye dawati la mbele alikaa msichana mmoja wa Ahero. Maji ya Nyando yaliingia kwao karibu kila mwaka, kwa hiyo kwake mito haikuwa somo, ilikuwa habari za nyumbani. Akainua mkono.

"Mwalimu, hii Nyando yetu pia inatoka kwa theluji?"

"Hapana. Inatoka kwa mvua ya huko vilimani. Theluji ya Kenya iko Mlima Kenya peke yake."

"Na wewe umeiona?"

"Nimeishika kwa mkono huu."

Mpaka leo sijui neno lile lilinitokaje. Mimi ni binti wa Nyakach. Mlima mrefu kuliko yote niliyowahi kuipanda ulikuwa ule wa kwenda Nyabondo, tena nikiwa nimetumwa chumvi. Lakini swali la mtoto yule lilinichoma, maana lilikuwa swali la haki. Mwingine wa nyuma akauliza theluji inakaaje ukiishika. Nikasema ni laini, kama pamba inayotoka kwenye jineri, kiwanda cha kuichambua. Wote wakainama wakaandika.

Waswahili husema mdomo uliponza kichwa, nami wangu haukuchelewa. Kabla wiki haijaisha, habari zilikuwa zimefika chumba cha walimu, na kutoka hapo zikaingia ofisini kwa mwalimu mkuu. Alikuwa mama mwenye mwili mkubwa na sauti nyembamba, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile, na alitamani sana wazazi waone kwamba shule haijaharibika mikononi mwake. Siku moja nikakuta programu ya siku ya wazazi ya mwezi wa Septemba imebandikwa ukutani. Baada ya kwaya na kabla ya zawadi, palikuwa na jina langu, na chini yake: Safari Yangu Kilele cha Mlima Kenya.

Nilisimama pale nikaisoma mara tatu. Nilikuwa na njia mbili: nikiri, au nipande mlima kabla ya Septemba. Mtu mwenye akili angekiri. Mimi nilikwenda soko la Kibuye kutafuta koti zito la mitumba.

Ng'ambo ya mji kulikuwa na padri Mzungu, mwalimu wa hesabu wa shule ya wavulana, aliyekuwa na kikundi cha kutembea. Watu wengine Jumamosi walikwenda mpirani au dansini. Padri huyu aliwapandisha watu vilima bila sababu yoyote, akawateremsha, kisha akawanunulia soda. Kila Agosti, shule zikifungwa, aliwapeleka Mlima Kenya wale waliokuwa hawajamkimbia. Mwaka ule walikuwa wamebaki wawili: karani wa posta, bwana mnene mcheshi aliyependa kula kuliko alivyopenda kutembea, na fundi wa karakana ya reli, ambaye angeweza kumaliza Jumamosi nzima kwa maneno manne. Nikawa wa tatu. Sikumwambia padri kilichonileta. Nilisema napenda hewa safi.

Tulifanya mazoezi wiki nane. Tulipanda vilima vilivyo nyuma ya Otonglo, tukapanda ukuta wa Nandi kutokea upande wa mashamba ya miwa, tukapanda Nyabondo kutokea Katito. Nilivaa suruali ya kazi ya marehemu baba, nimeikaza kiunoni kwa kamba ya katani, na kila tulipopita watoto walitufuata kuhesabu matundu yake. Watu wazima walikuwa na swali moja tu: "Gari imeharibikia wapi?" Hawakuweza kuwaza sababu nyingine ya Mzungu kutembea kwa miguu na Waafrika watatu nyuma yake. Karibu na Katito, mzee mmoja aliacha jembe lake akakimbia kumwita nduguye mwenye trekta. Padri alipomwambia hatuna gari, tunatembea tu, mzee alitutazama kwa huruma ya kweli, akatupa ndizi.

Siku hiyo ya Katito nilimpitia mama, aliyekuwa akiuza mtama sokoni. Aliitazama suruali ya mumewe miguuni mwangu. Akaniambia kwa Kijaluo, "Mtu hupanda mlima akikimbia maji au akitafuta ng'ombe. Wewe, nyathina, mwanangu, nani anakufukuza?"

Nikamjibu kwamba ni mambo ya shule, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile nilisema kweli.

Wiki ya kuondoka, padri alitupa orodha ya chakula: biskuti, supu ya unga, kakao, jibini, zabibu kavu. Alisema kila ratili itakuwa kilo tukifika juu, na angepima mizigo yetu kwa mizani ya maabara. Karani aliisoma orodha mpaka mwisho, akaigeuza aone kama nyuma kumeandikwa kitu.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "hii ni chakula ya kuku. Mtu anapanda mlima na biskuti kweli?"

Nami nilikubaliana naye kabisa. Sisi watu wa ziwa tunakula vitu vingi, lakini kisichokuwa ugali hakihesabiwi. Mtu anaweza kumaliza mkate mzima na birika la chai, ukimuuliza kama amekula, atakwambia bado. Basi padri alipomaliza kupima, nilitia pakiti ya unga ndani ya mkono wa koti langu, na fundi akachukua samaki wakavu waliofungwa kwa gazeti. Ndani ya treni ya Nairobi behewa zima lilinukia samaki wale. Padri alifungua dirisha akawalaumu abiria wengine.

Mlima wenyewe tuliupandia Naro Moru, pamoja na mpagazi mmoja wa huko, kijana mpole aliyebeba mzigo mara mbili ya wangu na bado akanisubiri kila kona. Tulipita msitu wa mianzi, tukapita kinamasi kilichosimama kama ngazi, ambako niliacha kiatu mara mbili na subira mara nyingi. Halafu miti ikaisha. Ikaanza mimea ya ajabu, kama kabichi refu kuliko mtu. Kichwa kilikuwa kinanigonga na pumzi hazitoshi. Siku ya tatu, mchana, tukaingia bondeni kwenye kibanda cha mabati, nikainua macho. Juu yetu vilisimama vilele viwili vya mawe meusi, na ubavuni mwavyo kimelala kitu cheupe kikubwa, kinang'aa.

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nikajiambia, angalau sasa umeiona. Kesho utaishika, utafika kileleni, na uongo wako utakuwa umelipiwa. Nilifurahi mno, kama mtu aliyesamehewa kabla hajaomba msamaha.

Padri hakutaka kupumzika. Alitaka kwenda na mpagazi kuitazama njia ya kesho yake, maana mawe huporomoka na kuibadilisha. Alituachia jiko la pampu na chupa mbili za mafuta ya taa. "Chupa moja ni ya leo," alisema kwa Kiswahili chake cha vitabuni. "Ya pili ni ya alfajiri. Asiyekunywa kitu cha moto alfajiri, hapandi. Baridi ya huku huua." Mpagazi alikuwa ameshauona unga wangu. Akaja karibu, akasema polepole:

"Mama, hiyo unga iache tu. Hapa juu ugali haiivi."

Nilikasirika. Mimi nimekulia jikoni Nyakach, nimepika ugali wa matanga ya watu mia, halafu kijana ananifundisha unga! Walipopotea nyuma ya jabali tu, nikabandika sufuria.

Maji yalichemka upesi ajabu. Karani akamcheka mpagazi sana. Nikatia unga, nikasonga, nikangoja. Ukabaki uji mzito wenye harufu ya unga mbichi. Nikaongeza unga. Karani akaongeza pampu. Nikasonga mpaka mwiko ukalia, pumzi zikaniishia nikakaa chini, akapokea karani. Chupa ya kwanza ikaisha. Fundi alikuwa amechuchumaa akiutazama mvuke muda mrefu, kama alivyozoea kuitazama injini.

"Presha," akasema.

"Presha gani?"

"Huku hakuna presha. Maji inachemka lakini moto haina. Kama injini mbovu."

Hapo nikakumbuka. Jambo lile lile nilikuwa nimelifundisha muhula uliopita: kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Nililiweka kwenye mtihani. Waliolikosa niliwatia wino mwekundu, mmoja nikamwandikia azinduke. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nimelisoma kitabuni, nikalipitisha ubaoni, wala halikuwahi kunijia kwamba linahusu sufuria yangu. Na hata baada ya kukumbuka, nakiri, nilifungua chupa ya pili. Nilisema tutatumia kidogo tu.

Ule ugali haukuiva. Karani, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa na chakula, alijaza sahani akaula na samaki, huku akisema ni mzuri ukiumeza haraka. Kabla saa moja haijapita alikuwa nyuma ya kibanda ameshika tumbo, akimwita mama yake.

Padri aliporudi alizitazama zile chupa, akaziinua moja moja kuelekea kwenye mwanga. Kisha akatazama sufuria. Karani alikuwa anagumia ndani ya blanketi.

"Nani amepika?"

"Mimi, Fadha."

"Basi kesho tunashuka."

Nilimsihi. Nikasema nitapanda bila chai, nitapanda na maji baridi, nitapanda peke yangu. Akatikisa kichwa. Ndipo nikalia, kilio cha kupiga kelele kisichomfaa mwalimu, na yote yakanitoka: swali la mtoto wa Ahero, pamba ya jineri, programu ukutani. Padri alinisikiliza huku akikwangua uji uliogandia sufuriani.

"Wiki nane," akasema, "umetembea nami kila Jumamosi. Umengoja mpaka hapa, penye baridi hii, ndipo unaungama?"

Karani alicheka huko ndani ya blanketi, kisha akajuta kucheka, akakimbilia nje. Padri naye midomo ikamcheza kidogo. Mwishowe akamwita mpagazi wakasemezana. Akanipa masharti: jua likishapanda vizuri, mimi na fundi tungekwenda na mpagazi mpaka ukingo wa barafu, tuguse, turudi. Kilele tukisahau. Yeye angebaki na mgonjwa.

"Ukipita ukingo," akasema, "mimi sikujui."

Asubuhi tulikula biskuti baridi, tukaanza kupanda. Hatua tatu, unasimama. Hatua tatu, unasimama. Changarawe iliteleza, kila nikipanda mita moja ikanirudisha nusu. Mpagazi angeweza kunikumbusha habari za unga, lakini hakunikumbusha; alinishika tu kiwiko kila nilipoyumba. Tukafika.

Haikuwa laini. Haikufanana na pamba hata kidogo. Ukingoni ilikuwa ya kijivu, imechanganyika na vumbi na vijiwe, ngumu hivi kwamba ilinibidi niipige kwa kisigino ndipo kipande kibanduke. Nilivua glavu nikakishika. Kiliniuma kama moto. Nilikaza meno nikakishikilia mpaka vidole vikafa ganzi, na nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, wala sikuona haya mbele ya wanaume wale wawili. Ilikuwa kweli. Kwa mara ya kwanza nilikuwa najua kitu cha jiografia ambacho hakikutoka kitabuni.

Chini ya ukingo maji yalikuwa yanadondoka, yakajikusanya katikati ya mawe, yakawa uzi mwembamba unaoteremka kuelekea bondeni.

"Hii ndiyo mto?" fundi akauliza.

"Ndiyo hiyo. Huu unakwenda Naro Moru."

Akatanua miguu, mmoja huku mmoja kule, akasimama juu ya mto mzima mikono kiunoni. "Nimevuka," akasema. Tulicheka mpaka mpagazi akatuomba tukae chini tupumue.

Juu yetu kilele kilikuwa kinapigwa na jua. Kuna kikundi kingine kilikuwa kinapanda, watu wadogo kama sisimizi, na niliwaonea wivu mkali. Walikuwa wamekunywa chai yao. Tukageuka. Kushuka ndiko kulikonimaliza. Magoti yalitetemeka na vidole vya miguu vikagonga mbele ya viatu mpaka kucha mbili zikang'oka. Wanaosema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, nadhani walipita njia ile.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Joto la Kisumu lilikuwa limerudi mwilini mwangu, na mfukoni nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili. Nakiri hotuba ile ilifika kileleni. Nilijiambia kwamba karani hawezi kuyatangaza mambo ya tumbo lake, fundi haongei, padri amefungwa na siri ya kitubio, na mpagazi yuko Naro Moru. Nani angejua? Mwalimu mkuu alinikaribisha kwa majivuno makubwa: "Binti yetu aliyesimama juu ya Kenya!" Watu wakapiga makofi.

Nikafungua karatasi, nikatazama mbele. Wasichana wangu wa kidato cha pili walikuwa wameketi safu ya kwanza, na walikuwa wamekuja na madaftari. Yalikuwa yamefunguliwa magotini, kalamu tayari. Chochote ambacho ningesema wangekiandika, na ningerudi darasani kukikuta kimekuwa somo. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mlimani. Nikaikunja ile karatasi.

Nikawaeleza habari za ugali. Nilianza na mkono wa koti, nikaenda mpaka sufuria na presha ya fundi. Wazazi walianza kucheka kwa adabu, halafu kwa sauti, halafu kina mama wa nyuma wakawa wanapigana makofi ya mgongo. Mzee mmoja akasimama katikati ya kicheko kuuliza nilitumia unga gani, maana unga wa kinu kidogo huiva popote. Nikamwambia nilikuwa na chupa mbili za mafuta na kiburi, na vyote viliisha. Kisha nikasema kwamba sikufika kilele. Nilifika ukingoni nikashika theluji, nayo si laini. Na siku nilipowaambia watoto hawa kwamba nimeishika, nilikuwa sijaishika. Niliwadanganya.

Kicheko kikakatika. Mwalimu mkuu alikuwa anajipepea na programu, akaacha kujipepea. Nilisikia viti vikilia. Nikawaomba radhi wasichana, si wazazi, nikaenda kukaa. Jumatatu yake niliitwa ofisini nikaambiwa mengi ambayo nilistahili, na miaka miwili ilipita kabla jina langu halijaandikwa tena kwenye programu yoyote.

Lakini hiyo haikuwa aibu yenyewe. Aibu yenyewe niliipata jioni ya siku ile ya wazazi, watu wakiwa wameondoka na sisi tunapanga viti. Yule msichana wa Ahero alikuwa ananisaidia. Alipanga vinne vitano.

"Mimi nilijua, Mwalimu," akasema. "Tangu siku ile."

"Ulijuaje?"

"Ulijibu haraka sana. Kitu unajua, huwa unafikiria kwanza."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Nitasema aje, na wewe ni mwalimu?" Akainua kiti kingine. "Nilikuwa naandika tu nipite mtihani. Lakini kuamini, hapana. Hata hiyo ya Nyando kutoka vilimani, nilisema labda hiyo pia ni ya kitabu tu. Sasa Agosti, wakati mlikuwa mlimani, maji iliingia kwetu. Mvua kwetu hakuna, jua tu kila siku. Baba alikuwa anatoa mbuzi kwa maji, akaniuliza, wewe ambaye tunalipia shule, hii maji inatoka wapi? Nikamwambia sijui."

Nilikaa kwenye kiti nilichokuwa nimekishika. Nilitaka kumuuliza kama mbuzi wote walitoka. Alijibu mwenyewe kwamba wawili walikwenda na maji. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema tu, akaendelea na viti.

"Jumatatu," akasema alipomaliza, "hiyo ya mito uirudie."

Jumatatu, kabla sijaitwa ofisini, nilifuta ubao nikachora Nyando upya. Sikufungua kitabu. Niliwauliza wao kwanza maji huingia kwao wakati gani, na wingu la siku hiyo huwa limesimama wapi. Yule wa Ahero ndiye aliyeanza kusema, na mimi ndiye niliyeandika.